Manyoya ya Sultani

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu karudi tena kutoka kwa jirani mpiga picha, gauni limejaa manyoya. Alikwenda kumchana Sultani, paka wa studio. Kila siku! Miaka kumi na mmoja ya ndoa, mimi hata kola hajawahi kuninyooshea. Mezani kanisomea kitabu kizima: paka wa Uajemi, kama Sultani, manyoya marefu, pua bapa, wapole. Wa Angora, kule Uturuki, wembamba na machachari. Wa misitu ya Norwei, manyoya tabaka mbili kwa ajili ya theluji. Ukoo wa paka anaujua hadi Uajemi. Babu yangu mzaa baba hamjui hata jina, anamwita "yule mzee wako". Nina wivu, ndiyo. Naandika hapa tu.

Jumatano, 5 Machi
Neema imeshuka! Mpiga picha anasafiri siku kumi, kaomba mtu wa kumtunza Sultani. Nikadakia kabla mke wangu hajafungua mdomo: nitamtunza mimi, karakanani kwangu, katikati ya saa mbovu ninazozitengeneza, na kumchana nitamchana mwenyewe. Mke wangu akanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu uchumba. Masikini, hajui. Kitabu kinasema asipochanwa kila siku, manyoya yanasokotana yanakuwa mkeka. Nani atapenda paka mkeka?

Jumapili, 9 Machi
Namchana mgongoni tu, penye kuonekana. Tumboni simgusi. Mke wangu kachungulia, kasifu mikono yangu. Nikaona aibu. Imepita. Sultani kanilalia mapajani, ananguruma. Asinizoee!

Jumatano, 12 Machi
Manyoya ya makwapani yameganda. Tumbo limekuwa godoro. Hata kurukia kiti kunamshinda. Nimejaribu kufumua kwa kibano cha saa, kanikwaruza pua. Mpole, eti!

Alhamisi, 13 Machi
Mke wangu kampakata, mkono ukapita tumboni. Nimekwisha. Nikasingizia hali ya hewa. Akatuburuta wote kwa daktari wa mifugo, naye akasema hali ya hewa haina kichana, na hapa dawa ni kunyoa. Wamemnyoa mwili mzima, wakabakiza kichwa na ncha ya mkia. Kumbe chini ya ufalme wote ule kuna kijipaka chembamba kama soksi! Nilitoka nje nikacheka mpaka machozi.

Jumamosi, 15 Machi
Sicheki tena. Mke wangu kamwonea huruma. Anamlisha kwa kijiko. Sweta yangu ya bluu kaikata mikono, kamvalisha. Paka sasa analala kitandani, upande wangu. Mpiga picha karudi leo, wakakubaliana Sultani akae kwetu mpaka manyoya yaote. Miezi! Na mpiga picha atakuja kila jioni kumjulia hali. Chai ya leo kanywea kikombe changu.

Jumapili, 16 Machi
Nimeigundua siri. Ni upara! Mke wangu anahurumia kilichonyolewa. Kinyozi kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia pangusa nywele zote. Nikaingia nyumbani natetemeka makusudi, nikasimama mbele yake. Akaniuliza kama nina chawa. Kanihamishia sebuleni, nilale chini kwenye mkeka, na kofia yangu ya sufu kampa Sultani.

Mpango hauna kosa. Kosa ni la kinyozi, kaacha nyusi. Kesho asubuhi narudi kwake.