Tupa ya Kathuri na Mbuzi wa Kaari

Jumapili, 4 Agosti

Leo nimetoa mbuzi kanisani. Sikukusudia. Pasta aliuliza nani atatoa zawadi ya mashindano ya harambee ya paa, Jumapili ijayo. Kathuri, seremala, akasimama akatoa jogoo. Makofi. Mkewe naye akapigiwa makofi, na hakuwa amefanya lolote. Nikajikuta nimesimama. Nikasikia sauti yangu ikitaja mbuzi wa maziwa. Makofi yakatikisa mabati, yale machache tuliyo nayo.

Mbuzi ni wa Kaari, mke wangu. Anaitwa Makena na anajua jina lake. Kaari yuko Runyenjes akimuuguza mama yake mguu, atarudi Jumatatu ya tarehe kumi na mbili. Alipoondoka hakusema nitunze kahawa. Hakusema nijitunze mimi. Alisema nimtunze Makena.

Mashindano ni ya kulenga mikebe kwa bunduki ya upepo ya Mwalimu Kithaka, mstaafu, ambayo hutishia ngedere kwenye makadamia zake. Mshindi anaondoka na mbuzi. Basi ni rahisi. Nitashinda, Makena atarudi zizini, na Kaari hatajua kitu.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeenda kwa Mwalimu. Kibali cha bunduki kiko kwenye fremu ukutani, juu ya picha ya harusi. Bunduki ina shida ndogo. Kile kibamba cha chuma cha nyuma, chenye pengo ambalo jicho hupitia kutafuta ncha ya mbele, kilivunjika. Amekatiwa kingine, lakini hakina pengo. Macho yake hayawezi tena kazi hiyo.

Wazo likanijia kabla chai haijapoa. Nikikata pengo hilo kulia kidogo, risasi zitakwenda kulia. Wote watakosa. Mimi peke yangu nitajua kulenga kushoto.

Nikamwambia nitaifanya kazi hiyo bure, kwa ajili ya Bwana. Akanibariki. Akasema niketi kwanza anieleze jambo, maana bunduki hiyo ina tabia yake. Nikamwambia bunduki nazijua. Sizijui, lakini nilikuwa na haraka. Bunduki haitoki kwake, sheria ni sheria. Akafungua kibamba kwa bisibisi, nikaenda nacho mfukoni.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeanza na tupa ya panga kwa sababu ndiyo niliyo nayo. Pana mno. Kibamba chenyewe ni kama ukucha wa dole gumba. Tupa ile ingekata pengo la kupitisha ng'ombe.

Nikajaribu kisu cha Kaari cha nyama. Chuma hakikushtuka. Kisu sasa kina meno, nimekificha chini ya gunia la mahindi.

Nikaazima msumeno wa chuma kwa fundi wa pikipiki. Huo ulikata, sikatai, lakini ukaacha kijitundu chembamba kama cha sanduku la sadaka. Angalau kiko kulia. Sasa kinataka kupanuliwa kwa tupa ndogo ya pembe tatu, ile ya kunolea misumeno. Hapa Githongo najua mtu mmoja tu aliye nayo.

Jumatano, 7 Agosti

Kathuri aliuliza tupa ni ya nini. Nikasema msumeno wangu umekuwa butu. Akasema hajawahi kuniona na msumeno. Nikasema ni wa urithi. Akacheka, na wateja wake wawili wakacheka, na mmoja simjui hata kwa jina.

Alinipa kwa sharti moja. Niseme mbele yao kwamba meza aliyonitengenezea mwaka jana haiyumbi, ni sakafu yangu iliyo mbaya. Nikasema. Naandika juu ya meza hiyo sasa hivi na nimeishika kwa goti.

Alhamisi, 8 Agosti

Kazi imekwisha! Nilibana kibamba kati ya vipande viwili vya ubao, nikavikalia, nikapiga tupa taratibu kuanzia asubuhi. Makena alisimama akinitazama muda wote. Nilimweleza kwamba haya yote ni kwa ajili yake.

Pengo ni zuri ajabu. Kuta laini, pembe kali, na liko kulia kwa upana wa punje ya mtama. Nimelipaka masizi ya sufuria lisimeremete juani. Karibu nilie. Mwalimu alilifunga bila kugundua lolote. Nikaomba nijaribu risasi moja. Akakataa, risasi ni za harambee. Si kitu. Mwenye akili hahitaji kujaribu.

Jumapili, 11 Agosti

Kila mshindani alileta kopo la maharagwe kama kiingilio na kupewa risasi tatu. Pasta alianza. Mkebe mmoja chini. Nikasema ni neema. Mama mmoja wa kwaya alifumba macho yote mawili na bado akapata mmoja. Kathuri akapata miwili. Nikaanza kutokwa jasho.

Hapo ndipo teksi ya Probox iliposimama getini. Kaari akashuka, siku moja kabla ya wakati, na mama yake, ambaye mguu wake umepona. Makena alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya kanisa, na utepe mwekundu shingoni. Kaari alimtazama Makena. Kisha akanitazama mimi. Na mimi namjua Kaari.

Zamu yangu. Nikalenga kushoto. Udongo. Nikalenga kushoto zaidi. Udongo zaidi. Ya tatu ilitoboa ndoo ya maji ya kunawa mikono.

Mwalimu akasimama kunipongeza. Akasema bunduki hiyo ilianguka miaka mingi iliyopita, ncha ya mbele ikapinda, na tangu hapo hupiga kushoto. Ndiyo tabia aliyotaka kunieleza. Lakini mimi, kwa ustadi wangu, nimelikata pengo hata bunduki imenyooka kabisa. Nikapigiwa makofi marefu.

Kisha mama mkwe akaomba ajaribu. Mikebe mitatu. Alisema si tofauti na kupiga ndege wa mtama kwa kombeo.

Alipokabidhiwa Makena, mama mkwe alilia. Akawaambia watu kwamba kwa miaka kumi na tisa amengoja mkwe wake amkumbuke kwa mbuzi, na kumbe alikuwa anangoja kumpa mbele za Mungu. Wanawake wakapiga vigelegele. Kaari naye akapiga, macho kwangu. Niliona haya, kweli. Nani angemwomba yule mama amrudishe?

Jumatano, 14 Agosti

Nakunywa chai ya rangi. Kaari amerudi Runyenjes na mama yake na Makena. Alisema atarudi siku ambayo Makena atarudi. Alichukua kile kisu pia. Sijui alikionaje.

Nimefikiri sana na kosa nimelipata. Tupa ya Kathuri ilikuwa nzuri mno.

Kwa bahati, kanisa la mama mkwe nalo lina harambee mwezi ujao. Nimempigia simu pasta wao nikapendekeza mashindano ya kulenga. Amefurahi. Mama mkwe amekubali kumtoa Makena awe zawadi. Alisema mkwe kama mimi hawezi kumkatalia neno. Safari hii nitakata kibamba kipya, pengo liende kushoto, nami nilenge kulia. Nitatumia tupa ya panga.

Jioni nimepita kwa Mwalimu kuomba bunduki. Amekubali kuileta mwenyewe. Akasema lakini niketi kidogo, kuna jambo amelifanya kwenye ile ncha ya mbele na angependa kunieleza. Nikamwambia bunduki nazijua.