Kuhusu Neno Lisiloinama na Mke Aliyevuka Daraja

Mhariri wangu mheshimiwa wa gazeti la mji,

Pokea salamu za Krismasi, na uniwie radhi kwa mwandiko huu uliolala. Mimi natumia mkono wa kushoto kwa kila kitu.

Mimi ni Mcheki wa ng'ambo hii ya mto Olza. Mke wangu Jadwiga ni Mpolandi wa ng'ambo ile. Nashtaki neno moja: *muzeum*, yaani nyumba ya makumbusho.

1. Sote tulilipokea kutoka Kilatini. Sisi Wacheki tulilifunza adabu: ukienda huko ni *muzea*, ukiwa humo ni *muzeu*. Kwa Wapolandi linasimama wima kama mlingoti. Uende, ukae, urudi, ni *muzeum* tu.

2. Jumapili, penye dirisha la tiketi, Jadwiga alisema Kicheki na neno hilo hakulipinda. Nikamsahihisha kwa upole, ila kwa sauti. Watu kwenye foleni wakacheka. Jadwiga akaniambia, "Haya, mwalimu, kaoe kamusi!" Akavuka daraja kwenda kwa dada yake, Bronisława, na hajarudi.

3. Hata kwao, makumbusho yakiwa mengi neno huinama bila ubishi. Likiwa moja, ng'o! Ndivyo alivyo Jadwiga: kati ya dada zake ni laini kama siagi, akibaki nami ni ukuta. Ugonjwa ameupata kwenye neno.

4. Samaki wa Krismasi anaogelea katika hodhi langu la kuogea. Kila mwaka mimi hununua, Jadwiga huua. Mimi siwezi, ameshanizoea. Kwa hiyo sijaoga.

Naomba gazeti lako liwashurutishe wakubwa wa Poland walipinde neno hilo kabla ya leo jioni. Siutaki mkesha wa Krismasi bila mke wangu.

Wasalimie wapiga chapa wote, na mama watoto.

Wako asiyeyumba,
Bohumír Sikora

Baada ya sahihi: Usiichapishe! Jana jioni nilitoka kukuletea barua hii, na samaki ndani ya ndoo ili nimwachie mtoni. Nilipommwaga nilikuwa nimeshafika katikati ya daraja, nikaona kurudi ni mbali. Shemeji Bronisława akafungua mlango: "Ingia, we mkaidi, supu inapoa." Kwao mkesha huo hakuna anayekula kabla ya kumegeana kaki ya baraka, kile kimkate chembamba, na kusameheana. Nikamwomba Jadwiga radhi kwa Kipolandi, na lile neno nikaliacha wima.

Wapolandi huandaa sahani moja ya ziada kwa mgeni asiyetarajiwa. Nilipoketi penye sahani hiyo, nikakuta kijiko kimewekwa kushoto.