Kichwa Chini, Miguu Juu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeitwa! Ukumbi wa mazoezi unatafuta mwalimu wa yoga, nami niliandika katika barua yangu kwamba mimi husimama kwa kichwa dakika kumi bila kutetereka. Majaribio ni Ijumaa. Sijawahi kusimama kwa kichwa hata sekunde moja, lakini lililokwisha kuandikwa vitabuni halimshindi mwenye shahada. Tangu nihitimu, mwaka wa pili huu, nakula kwa dada. Leo amewatangazia majirani wote kwamba mdogo wake ameula. Sina tena pa kurudi nyuma.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma sura nne za kitabu cha yoga. Zote zamshauri anayeanza aegemee ukuta. Napinga! Ukuta ni hoja ya wanyonge. Nikajirusha katikati ya chumba. Mlango wa kabati umevunjika. Shemeji, seremala aliyelitengeneza kabati hilo kwa mikono yake, aliuliza kwa upole limenikosea nini.

Jumatano, 5 Machi
Shingo imegoma; yatazama kushoto tu. Dobi wa jirani, aliyekuwa kushoto, akadhani namkodolea macho. Nilipomweleza kisa, aliweka pasi kando, akasimama kwa kichwa juu ya saruji, akaniuliza hali ya nyumbani. Akajitolea kunifundisha: kwanza viwiko. Nilimfafanulia kwa nini mbinu yake haina msingi wa kinadharia. Alinisikiliza hadi mwisho, miguu ikiwa juu vilevile.

Alhamisi, 6 Machi
Majaribio kumi na saba. Maanguko kumi na saba. Dada alinikanda shingo kwa maji moto, akauliza kama kweli kazi hii naiweza. Nikamwambia asiwe na shaka. Akaniamini. Heri angenizaba kofi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwisha. Nilianza na mhadhara, nikitumaini muda utayoyoma. Haukuyoyoma. Nikaambiwa nisimame. Nilipaa, nikaiona dari, nikatua juu ya meza ya meneja, mama mtu mzima aliyekuwa akinywa chai. Alijipangusa miwani, akasema, "Kichwa unacho, mwanangu. Sasa tafuta shingo ya kukibeba."
Hata hivyo alinionea huruma: nihudhurie darasa la wanaoanza kila asubuhi, bure, na baada ya miezi mitatu kazi itakuwa yangu. Mimi? Niketi na wanaoanza? Nilikataa kwa hoja tatu.
Dada aliposikia, alivuta pazia la dirisha. Jirani akapiga hodi, amekuja kutoa hongera. Hakuna aliyemfungulia.

Jumapili, 9 Machi
Jana kutwa sikutoka chumbani. Sikuona sababu ya kutoka tena maishani. Leo shemeji amenipitishia gazeti chini ya mlango. Hoteli moja inahitaji mwalimu wa kuogelea! Nimekwisha kuandika: uzoefu, miaka sita. Dada alichungulia, akauliza niliingia majini lini. Nikamjibu kwamba hayo ni masuala ya utekelezaji. Akafunga mlango polepole.
Nimelala kifudifudi juu ya stuli. Mkono mmoja waandika, mwingine wakata mawimbi.