Malalamiko Kutoka Kundi la Wasiopewa Kuku

Kwako Mkuu wa Utafiti wa Kuku na Presha,

Shikamoo, kama umenipita umri. Kama nimekupita, marahaba.

Mimi ni namba 2-17. Mbili ni kundi, kumi na saba ni mimi. Kazi yangu ni kibarua wa ujenzi, nachanganya zege. Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita, naishi peke yangu chumba kimoja. Shule niliishia darasa la nne. Nikikosea herufi, sahihisha mwenyewe. Nilichosema usikiguse.

Naandika kwa sababu ya mkutano wa Jumamosi. Ulituita ukumbini, tukapewa soda, ukatuonyesha mchoro ukutani. Mstari mwekundu ni wa waliopewa kuku. Mstari wa bluu ni wa wasiopewa. Yote miwili inashuka, bega kwa bega, kama watu wanaotoka kazini. Ukasema hivi, na mimi masikio yangu ni mazima: "Tulitaka kujua kama kufuga kuku kunamshushia presha mtu anayeishi peke yake. Kundi la kwanza walipewa kuku. Kundi la pili hawakupewa chochote. Presha imeshuka sawasawa. Kwa hiyo kuku hana mchango, na utafiti umefungwa."

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Nina malalamiko. Nimeyapanga kwa namba kwa sababu nimeona nyinyi watu wa utafiti mnapenda namba.

1. Kura.

Mlituambia tuingize mkono kwenye ndoo. Fundi viatu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akatoa karatasi imechorwa kuku. Mimi nikatoa nyeupe. Nikaigeuza huku, nikaigeuza huku, nyeupe. Kijana wenu mwenye ndoo akaniambia, "Mzee, wewe uko kundi la kulinganishia." Nikamuuliza kulinganishia na nini. Akasema, "Na wenye kuku."

Nimebeba saruji miaka thelathini ili nije nilinganishwe na fundi viatu na kuku wake. Nilitia saini. Lakini iandike.

2. Matunzo.

Kila wiki ya pili alikuja daktari wa mifugo kumwona kuku wa fundi. Alimpima uzito. Alimfunua kope. Alimchoma chanjo, akagonga muhuri kwenye kadi yake. Siku kuku alipoharisha, daktari alifika na pikipiki kabla ya saa nne asubuhi. Goti langu limevimba tangu mwaka juzi, nimepewa tarehe hospitali, na tarehe yenyewe imesogezwa mara mbili. Walichukua hata mavi ya kuku, wakayatia kwenye kichupa chenye kifuniko. Fundi akaniambia, "Jirani, umeona? Hata mavi ya huyu yana miadi."

Nilimuuliza daktari wa mifugo sababu. Ni mtu mpole, alinieleza vizuri. Alisema magonjwa ya kuku yanaweza kumfikia mtu, na ya mtu yanaweza kumfikia mnyama, na uchafu wa mmoja unaingia kwenye maji ya wote, kwa hiyo siku hizi wataalamu wanasema afya ni moja.

Nimekubali. Kama afya ni moja, basi na foleni iwe moja. Nitakaa nyuma ya kuku, sina neno, ilimradi twende.

Simchukii yule kuku, usinielewe vibaya. Ni kuku mwenye adabu. Analala mapema, hapendi mkate mkavu. Nimeambiwa.

3. "Hawakupewa chochote."

Hapa ndipo penyewe. Hili si kosa dogo, Mkuu. Huu ni uongo, na umeusema mbele ya watu wenye soda.

Kila Alhamisi saa kumi jioni alikuja dada wa dodoso. Mwavuli, begi, mashine ya presha. Wiki ishirini na sita, hakukosa hata ile ya mafuriko. Alinifunga ule mkanda mkononi, akaandika presha, kisha akaanza kuuliza. Umelalaje? Uliamka mara ngapi? Umekula nini? Umekula na nani? Kuna kitu kilikuchekesha wiki hii?

Sasa nikuulize wewe. Nani anaulizwa hivyo? Binti yangu aliyeolewa mbali ananipigia simu, anasema, "Baba umekula?" Nikisema ndiyo, anakata. Kazini nyapara ananiuliza zege liko wapi. Njiani watu wanasema habari, nasema nzuri, kila mtu anashika njia yake. Hata nyumba ikiwa inaungua nyuma yako, ni nzuri.

Dada aliuliza, halafu akangoja. Kalamu iko hewani. Mtu akikushikia kalamu hewani, huwezi kusema nzuri ukaishia hapo. Ni aibu.

Alhamisi ya kwanza tulimaliza dakika nne. Mwezi wa pili nilikuwa najiandaa. Nikiona jambo kazini, nasema hili la Alhamisi. Siku moja mwenzangu alizamisha mguu kwenye zege bichi la ngazi. Mguu ukatoka, kiatu kikabaki, na hadi leo kimo ndani ya ngazi ya ghorofa ya tatu, watu wanakikanyaga wakienda ofisini. Wote walikimbia kumsaidia. Mimi nilisimama na koleo langu, nimefurahi, nina kitu cha Alhamisi. Dada alicheka mpaka mashine ikabidi ianze upya.

Nikaanza kuoga kabla ya saa kumi. Kiti kilichovunjika mguu tangu mazishi nikakitengeneza, maana haifai mtu wa serikali kukalia ndoo. Sijui kama ni wa serikali. Lakini kiti kipo.

Sasa sikiliza swali la kumi na nne. Linasema: "Katika siku saba zilizopita, kuna mtu yeyote aliyekuuliza hali yako na akasikiliza jibu?"

Nikamjibu, "Wewe."

Akasema, "Mzee wangu, mimi sihesabiki."

Nikamwambia, "Huhesabiki vipi? Si umekaa hapo?"

"Mtafiti hahesabiki, baba. Nikiandika ndiyo, ofisini watanirudishia karatasi."

Akaandika hapana. Nimehesabu. Wiki ishirini na sita, hapana ishirini na sita, na kila hapana imeandikwa na mtu aliyekaa mbele yangu ananisikiliza.

Mkuu, mimi darasa la nne, wewe sijui darasa la ngapi. Lakini kuku umewapa kundi moja, na dada umewapa makundi yote mawili, halafu unashangaa mistari imelingana? Mtu akinipa saruji mifuko miwili, fundi akapewa saruji mifuko miwili na jogoo, nyumba zote zikasimama, nani atasema saruji si kitu?

4. Tangu mmefunga.

Alhamisi ya kwanza baada ya kufunga, nilioga. Nikakaa. Saa kumi, saa kumi na moja. Nikaona nijiulize mwenyewe. Nikasema, "Umelalaje?" Nikajibu, "Vizuri." Ilikuwa uongo, na aliyedanganywa alikuwa anajua.

Wiki iliyofuata nilimuuliza nyapara amelalaje. Akaninusa mdomo. Sasa kazini wananiita Dodoso. "Dodoso, lete maji." "Dodoso, umeota nini?" Nikamgeukia yule wa kiatu, nikamuuliza kwa utaratibu, na mikono nikaiweka kama nimeshika kalamu. Akacheka. Kisha akajibu. Alijibu kuhusu mama yake, akajibu kuhusu shemeji yake, alijibu mpaka zege likaanza kushika kwenye karai. Tulitukanwa wote wawili. Lakini mchana alikula vizuri, nilimwona.

5. Kupona.

Mmenipa karatasi imeandikwa presha yangu ni ya kawaida na sihitaji kufuatiliwa. Yaani mlinifuatilia nilipokuwa mbaya, nimekuwa mzuri mmenitupa. Mkifundisha watu hivyo, nani atapona katika nchi?

Nikaamua niipandishe. Jumapili nililamba chumvi kijiko kizima. Jumatatu nikaenda zahanati, nesi akapima: iko chini. Nikamwambia rudia, mimi nimekula chumvi. Akarudia, iko chini. Akanigombeza mbele ya foleni, akasema, "Baba mzima unalamba chumvi kama ng'ombe!" Nimegombezwa, nimekauka koo siku mbili, na presha imekataa. Kwa hiyo utafiti wako umeniharibia hata uwezo wa kuumwa. Hili nalo liwe kwenye ripoti.

Ninachotaka.

Kwanza, ripoti iandikwe upya. Pale penye "hawakupewa chochote" paandikwe "walipewa dada."

Pili, dada ahesabike. Zile hapana ishirini na sita zifutwe, ziwe ndiyo.

Tatu, Alhamisi irudi. Dada kama amehamishwa, leta yeyote mwenye kalamu na asiye na haraka.

Kama mnaona utafiti umekwisha na hamna sababu ya kuja, nawapa sababu. Anzisheni kundi la tatu, la watu walionyang'anywa Alhamisi. Mimi niandike 3-01. Mstari wetu utapanda vizuri, nakuhakikishia, ukiacha mambo ya chumvi, na wewe utapata mkutano mwingine. Hilo nalo likishindikana, niandikisheni kama kuku. Uzito nitapima. Kope nitafunua mwenyewe. Kichupa mkiniletea nitakijaza, hamtalazimika kunisubiri.

Kuku mwenyewe simtaki. Nasema wazi ili msije mkanipoza na kuku. Kuku hana mchango, mmethibitisha nyinyi wenyewe, na kwa hilo tu ndio nakubaliana na mchoro wako. Kilichonishusha presha ni Alhamisi. Kuku hahusiki hata kidogo.

Nisalimie karani wako, nisalimie daktari wa mifugo na pikipiki yake, yule wa ndoo, na mama aliyegawa soda, mwambie yangu ilikuwa ya moto lakini nilikunywa. Nyumbani kwako nao wasalimie wote, wakubwa na wadogo. Dada wa dodoso msalimie peke yake, usimchanganye na wengine.

Ni mimi,
2-17, wa zege.

Nyongeza. Fundi viatu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Amesema, "Jirani, hii huipeleki hivi hivi. Sema ukweli." Nimebishana naye, ameshinda.

Kuku alikuwa kwangu.

Tangu wiki ya pili. Kwa fundi sakafuni kumejaa vimisumari vya viatu, na kuku alikuwa anavidonoa akidhani ni chakula. Fundi akawa halali, anamsikiliza kuku tumbo. Akaniomba nimhifadhi. Siku ya daktari wa mifugo tulimpitisha juu ya ukuta, akapimwa, tukamrudisha. Alhamisi nilimfunika na tenga, tenga na koti. Mara moja alilia nikiwa na mkanda mkononi, nikakohoa. Dada akaandika kikohozi.

Kwa hiyo aliyepewa kuku hakuwa na kuku, na asiyepewa ndiye aliyekuwa naye. Na si hilo tu. Fundi alikuwa anakuja kila jioni kumwona kuku wake, maana kadi ina namba yake. Anauliza, "Kuku kashindaje?" Nikimaliza kumweleza, ananiuliza, "Na wewe?" Akawa anakaa. Siku nyingine mpaka chai inapoa. Sikumtaja kwenye swali la kumi na nne kwa sababu ningemtaja yeye ningemtaja na kuku. Fundi naye hakunitaja, kwa sababu hiyo hiyo. Hapana zake nazo ni ishirini na sita. Leo ndio tumelinganisha, tukatazamana, tukaona sisi ni wajinga wawili.

Kwa hiyo mistari yako yote miwili haifai, Mkuu. Samahani sana. Inawezekana ni kuku. Inawezekana ni dada. Inawezekana ni fundi, ingawa ukimwambia atavimba kichwa. Mimi sijui, na wewe hujui.

Naona hamna njia. Itabidi mrudie utafiti wote, kutoka mwanzo. Nipo Alhamisi, kuanzia saa kumi.