Mkate Hauji kwa Simu

Jumatatu, 3 Juni
Nimetukanwa! Na simu yangu mwenyewe! Binti yangu Dilnoza ameileta juzijuzi kutoka Tashkent, nikaifurahia kama mtoto. Leo imelia. Hoshim, jirani wa ng'ambo ya kichochoro. Ati Fundi, Jumamosi alfajiri pilau ya harusi ya mwanangu Doniyor, usikose. Akakata! Tangu lini? Hapa Margilan mwenye harusi humfuata mpishi mlangoni kwake, mikate imefungwa kitambaani, anakaa, anakunywa chai, anaomba. Harusi ya Hoshim mwenyewe nilipika mimi! Kuvuka kichochoro kumemshinda? Nimezima simu. Aje kwa miguu, na mkate, la sivyo sipiki.

Jumanne, 4 Juni
Hajaja. Nimeshinda langoni, chai tayari, nimevaa kofia ya sikukuu. Hoshim akatokeza kwake, simu sikioni, uso umekunjamana. Akanipungia mkono, akaendelea kuhangaika na simu yake. Alikuwa akimpigia nani? Labda mimi! Mke wangu Saltanat anasema, Baba Dilnoza, washa hiyo simu, acha utoto. Hata nyumbani sina heshima.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Hoshim kamchukua Botir wa Kokand, kijana anayefunua karai kila dakika kuchungulia mchele. Kisa? Anatangaza mtaani kwamba Fundi hapatikani. Hapatikani! Nilikuwa nimekaa mbele ya macho yake, mzima mzima, na masharubu yangu!

Lakini mimi si wa kushindwa na Botir. Nimewasha simu, nikabana pua, nikampigia Hoshim. Nikamwambia mimi ni Botir, tumbo linanikata, Jumamosi sitaweza, mtafute yule Fundi jirani yako, nasikia hana mfano. Kisha Hoshim akasema, pole sana Botir, msalimie Mama Dilnoza.

Amejuaje? Saltanat amecheka mpaka akakaa chini. Kumbe anayepiga, jina lake hutokea kwenye kioo! Hakuna aliyeniambia! Simu gani hii ya kuchongea watu?

Ijumaa, 7 Juni
Jioni hii wanaume wa mtaa wamekusanyika kwa Hoshim kukatakata karoti za pilau ya kesho. Nasikia visu, nasikia vicheko. Wanazikata nene, nasikia kwa mlio tu. Moyo unaniuma, siwezi kusema uongo. Doniyor nimembeba mabegani, na nilimwahidi pilau ya harusi yake hata kabla hajaota meno yote. Nimeinuka niende. Nimefika langoni. Nimekumbuka kwamba hakuna aliyeniletea mkate. Nimerudi ndani.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekwenda kama mgeni, nimekaa mwisho wa meza. Pilau? Uji! Nikaanza kufurahi. Ndipo Doniyor, na joho lake la bwana harusi, akainama sikioni pangu. Ami, nilitaka kula pilau yako, baba alikupigia mpaka akachoka. Machozi yakanitoka, nikasingizia moshi. Wakati wa kuagana Hoshim akanishika mkono, akauliza mbele ya watu: Fundi, leo unapatikana? Wote wakaangua kicheko. Mshenzi!

Jumatatu, 10 Juni
Nimejifunza. Nimemwambia Saltanat waziwazi: kosa lilikuwa langu, dunia imebadilika, simu yangu haitazimwa tena. Nimelala nayo. Nimeoga nayo karibu. Hata watu niliokutana nao harusini nimewapa namba, wote.

Mchana kukabishwa hodi. Qodir, mfumaji wa hariri, anamwoza bintiye. Alikuwa mmoja wa wale niliowapa namba! Amekuja kwa miguu toka upande wa pili wa mji, juani, jasho linamtiririka, mikate kitambaani. Ati Fundi, nimekuja kukuomba. Kwa miguu! Ananionaje huyu? Anadhani sina simu? Anadhani ile ni pambo? Sikufungua lango. Nimemwambia kwa upenyo arudi kwake akanipigie kama mtu mstaarabu.

Jua limezama. Simu ninayo mkononi, imejaa chaji. Hajapiga. Watu wa siku hizi hawana adabu kabisa!