Dawa Nusu kwa Tumbo Nusu

Jumatatu, 3 Machi
Moureen ameshindwa kuinuka kwa kigoda. Binti yangu, miaka arobaini, ameshika ukuta kama mimi. Mwaka jana alikatwa tumbo huko Mombasa ili apungue. Amepungua. Sasa mifupa. Juzi nesi Cynthia alimtoa damu, anashuku vitamini D iko chini. Majibu Ijumaa. Moureen anataka kurudi kwa kibanda chake cha mitumba Taveta, kazi ya kusimama mchana kutwa.

Dawa zake naweka mimi. Za vitamini D, hospitali walisema vidonge viwili kwa siku. Tangu Desemba namsagia nusu ya kimoja kwa uji. Tumbo limekatwa, dawa ibaki vile vile? Hao madaktari hawafikirii.

Jumanne, 4 Machi
Jirani Tryphena amekuja kuchungulia. Ati mpwa wake alikatwa tumbo pia na juzi amepanda mlima Kasigau. Nikamwambia arudi kwake akachemshe maharagwe.

Usingizi umenipita. Vitamini D hutoka juani pia, nimeona nimwongezee jua, la Voi ni la bure. Nikamweka Moureen uani alinde pojo zinazokauka. Akakaa na sweta, leso, kofia na mwavuli. Jua limeona vidole vya miguu tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimeficha mwavuli na kofia. Akahamia chini ya mwarobaini, akasinzia. Mbuzi wa Tryphena wamemaliza pojo. Tryphena akasema angalau mbuzi wake sasa wana vitamini. Nilikuwa natafuta jiwe.

Ijumaa, 7 Machi
Majibu yametoka, vitamini D iko chini sana. Cynthia akamuuliza Moureen kama anameza dawa kila siku. Akaapa, mama hunipa mwenyewe. Wote wakanigeukia. Nikasema yote.

Cynthia hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akasema tumbo lililokatwa halinyonyi dawa vizuri, ndiyo maana Moureen anahitaji nyingi kuliko sisi, maisha yake yote. Jua peke yake halitoshi.

Njiani Moureen akasema, mama, miezi mitatu nalia na magoti na wewe unaniambia ni baridi. Nikamwambia anipige. Akacheka huku analia, akanishika mkono. Nimemzaa huyu. Ningempa mifupa yangu.

Jumamosi, 8 Machi
Chupa ya D ameichukua, amefungia. Haki yake. Nimeapa siigusi, na siigusi.

Zimebaki kwangu hizi mbili, ya kalsiamu na ya kuongeza damu. Cynthia ati ziachane masaa, zinazuiana, na ya damu isimezwe na chai. Mgonjwa asumbuliwe kutwa nzima? Asubuhi nimempa zote mara moja, na chai ya maziwa. Si zitakutana tumboni tu.