Viti Vitano na Goti Moja

Taarifa alifika kijiweni akihema, shati limechomoka nusu, simu ameinyanyua juu. Mtu huyu haji na salamu, anakuja na habari.

"Wamefungua!" akapiga kelele. "Tiketi za uwanja mpya! Mechi ya kwanza, sisi na wale wa milia! Na unachagua kiti chako mwenyewe, hapa hapa kwenye simu!"

"Kiti chenye namba?" akauliza Bima.

"Namba, mgongo, na pa kuwekea kikombe!"

"Mgongo!" Kinyozi alitoka dukani kwake na mashine inanguruma mkononi. Ndani alikuwa amemwacha mteja na kichwa nusu. "Miaka yote tunaning'inia kwenye wavu kama nguo zilizoanikwa, leo tuna mgongo!"

Kijiwe chetu ni benchi moja, kati ya mlango wa Kinyozi na meza yangu ya kahawa. Mimi ndiye Mama Birika. Ninachemsha, ninamimina, na ninasikia upuuzi mwingi kuliko mwanamke yeyote mtaani. Ila mpira naupenda, na uwanja wa zamani nilikuwa nasimama nao pale pale kwenye wavu, wote watano, tumevaa zambarau.

Asiyeshangilia alikuwa Goti peke yake. Goti ni shemeji yake Kinyozi, na mguu wake wa kushoto haukunjiki. Uwanja wa zamani ulikuwa tambarare, na yeye alikuwa na tundu lake kwenye wavu, anapitisha mguu, anatulia.

"Huo uwanja mpya," akasema polepole, "una ngazi?"

"Ngazi tupu," Taarifa akajibu. "Unapanda mpaka unasalimiana na ndege."

"Basi nendeni. Mimi nitasikiliza redioni."

"Redio gani wewe?" nikamwambia. "Tunakwenda wote. Chagueni viti vitano pamoja, cha pembeni kabisa kiwe cha Goti, chini, penye njia ya kunyooshea mguu. Na fanyeni haraka. Adhuhuri wanafunga."

Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa najidanganya.

"Katikati ya uwanja," Kinyozi akaanza. "Kamera zinapita pale kila dakika. Nchi nzima ione kazi ya mikono yangu kwenye vichwa vyenu."

"Bima ana upara," Taarifa akamkumbusha.

"Upara nao unang'arishwa!"

"Mimi nataka karibu na mlango wa kutokea," akasema Bima. Huyu hata kahawa haionji mpaka mwingine ainywe kwanza. "Paa lile jipya. Nani amelijaribu? Tukifunga watu wakaruka wote, likitikisika je?"

"Timu yetu hii?" Taarifa akacheka. "Kwa mabao yake, hilo paa litazeeka salama. Sikieni, tukae nyuma ya benchi la wachezaji. Nataka kumsikia kocha anavyosema. Nikirudi hapa, ninawapa habari mbichi."

"Tutakuwa tumekaa na wewe, wewe!" akasema Kinyozi. "Utatupa habari gani?"

"Nitawapa ya ndani."

Kinyozi akachora uwanja mavumbini kwa kidole cha mguu. Vikombe vyangu vinne vikageuka majukwaa. Bima akachukua kifuniko cha birika kuwa jua, akawa anakizungusha aone kivuli kinaangukia wapi. Nikamnyang'anya. Akaendelea na ndala.

"Mnasahau goti," nikawaambia.

"Goti gani lenyewe?" Kinyozi akageuka. "Shemeji, sema ukweli. Si uliteleza bafuni?"

"Ilikuwa fainali!" Goti akawaka. "Dakika za mwisho! Nilizuia bao la hakika!"

"Dada yako anasema ilikuwa sabuni."

Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Goti akachukua fimbo yake, akaanza kunyanyuka. Hapo ndipo tulipoona kwamba anaondoka kweli.

"Kaa, kaka," akasema Bima. "Mlango wa kutokea nauacha."

"Na mimi kocha namwacha," akasema Taarifa.

Kinyozi akazima mashine. "Haya. Kamera zitanifuata nilipo."

Taarifa akakodolea simu, akasogeza kidole, akasogeza tena. Ghafla akarukaruka kama anayekanyaga makaa. "Safu ya chini kabisa! Viti vitano vimefuatana! Njia iko kushoto! Kivuli kipo! Choo hiki hapa, mlango huu hapa! Na jukwaa zima bado jeupe, hakuna aliyelishtukia!"

"Bonyeza!" tukapiga kelele wote.

Akabonyeza. Tukakumbatiana. Goti alimbusu Bima kwenye upara, Bima akajipangusa kwa leso. Nikamimina kahawa ya bure, jambo ambalo halijapata kutokea, na tafadhali wasilizoee.

Mteja wa Kinyozi akajitokeza mlangoni, kitambaa shingoni, upande mmoja wa kichwa unawaka, upande mwingine msitu.

"Samahani," akasema. "Ni lile jukwaa la mlango wa tatu?"

"Hilo hilo!" Taarifa akajibu.

"Pale ndipo tulipotengewa sisi."

"Nyinyi nani?"

Mteja akarudi nyuma hatua moja. "Wa milia."

Nakwambieni, hata birika liliacha kuchemka.

"Wewe ni wa milia?" Kinyozi akamsogelea. "Umekaa kwenye kiti changu, unanisikia tangu asubuhi nawatukana, hujasema?"

"Wembe ulikuwa kwako."

"Ndiyo maana pako peupe!" Bima akajishika kichwa. "Nyinyi hamnunui mapema!"

"Sisi tuna uhakika wa ushindi, tunaharakia nini?"

"Nusu hiyo nyingine utanyolewa na kocha wako!"

Taarifa akasoma masharti ya tiketi: inabadilishwa mara moja tu, kabla ya adhuhuri. Upande wetu wa zambarau, viti vitano vya pamoja vilikuwa vimebaki safu ya mwisho juu, kule kwa ndege. Goti akainamisha kichwa, akatazama fimbo yake.

"Hatubadilishi," Bima akaamua. "Tunakaa kwa wa milia na mashati ya kawaida. Tukifunga, hakuna kelele. Tunakohoa tu, taratibu, kama watu wazima."

"Hamuwezi," akasema mteja.

"Tunaweza!"

Mimi sipendi kubishana na kitu kinachoweza kujaribiwa. Nikawaambia wakae kwenye benchi, mikono magotini. Nikashika kijiko, nikageuka mtangazaji.

"Zambarau wanapanda kulia... anapiga chenga... anapiga nyingine... krosi hiyoooo... kichwa..." Nikagonga birika. "Gooooooli!"

Bima, mwenye wazo lake la kukohoa, alipiga ukelele ambao mbwa wa jirani waliuitikia. Taarifa alimnyanyua mteja wa milia akamzungusha. Kinyozi alikuwa barabarani, amevua shati.

Na Goti alikuwa amesimama juu ya benchi. Juu kabisa, mikono angani, fimbo imetupwa kule.

Tukamtazama.

"Shemeji," Kinyozi akauliza, "umefikaje huko?"

"Sijui."

"Shuka basi."

Goti akaangalia chini. "Siwezi. Nishusheni."

Wakamshusha: Kinyozi kwapani, Taarifa kiunoni, Bima akishikilia ule mguu wa kushoto kama anabeba kioo cha dirisha. Walipomweka chini, Bima akabaki amesimama, mikono bado imenyooka mbele.

"Jamani," akasema. "Huyu ni mwepesi."

"Jani la mchicha!" akasema Taarifa. "Anabebeka!"

"Kama anashuka kwa kubebwa..." akaanza Kinyozi.

Sikusubiri amalize. Nilichukua simu ya Taarifa, nikabadilisha, nikabonyeza. Safu ya mwisho juu, viti vitano, zambarau watupu, njia kushoto. Goti akaniangalia.

"Mama Birika, ngazi zote zile?"

"Wabebaji watatu unao. Mimi nitabeba fimbo. Nimebeba watoto wanne, sibebi mtu mwingine."

Akacheka mpaka akakaa. Nikajua sasa tumemaliza.

"Mimi nashika mbele," akasema Kinyozi. "Kamera zitakuwa hapo."

"Mbele mimi," akasema Bima, "niwe wa kwanza kuliona paa likianza kutikisika."

"Mimi kichwani! Nikiwa karibu na sikio lake, nampa habari tukiwa njiani!"

Wakaanza kuchora ngazi mavumbini. Vikombe vyangu vikachukuliwa tena.

"Sikieni!" Goti akagonga fimbo. "Mtakavyogawana ni shauri yenu. Ila kichwa kitangulie. Mama yangu atakuwa mbele ya televisheni. Akiona natangulizwa miguu, atapika chakula cha msiba."

Mlangoni, mteja alijishika upande wenye msitu. "Na mimi je?"

"Wewe," akasema Kinyozi bila kugeuka, "shika mguu wa kulia, tujaribu mara moja. Halafu nitakunyoa."